Shingo ya Jogoo wa Chuo

Nilimvunja shingo jogoo wa chuo kikuu siku ya Alhamisi, saa nne za asubuhi, kwa mpira wa soksi. Nalisema mapema ili usije ukafika mwisho ukadai nilikuficha.

Hakuwa jogoo wa nyama. Alichongwa kwa jiwe la sabuni, lile jiwe laini linalochimbwa huku kwetu Kisii. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yenye mistari ya waridi, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka miwili aliyegoma kutembea. Kazi yake duniani ilikuwa moja tu, kuwa kombe. Wasichana wa vitivo vya chuo cha dada yangu hushindana netiboli kila mwaka, na kitivo kinachoshinda kinampata Jogoo. Hafungiwi kabatini kwa mkuu wa kitivo. Anakwenda kukaa nyumbani kwa nahodha, kama mgeni, mwaka mzima, na siku ya mechi anawekewa sahani ya mahindi. Kisha siku ya fainali anarudishwa uwanjani, na hapo ndipo watu hutokwa jasho. Kabla ya filimbi kupulizwa, mkuu wa michezo humgonga shingoni mara tatu kwa ufunguo wa stoo, sikio likiwa karibu kama anasikiliza siri. Jogoo akilia vizuri, mechi inachezwa. Akilia vibaya, yaani ana ufa, timu iliyomtunza, ambayo huingia fainali moja kwa moja, inaondolewa papo hapo na nafasi yake kupewa nyingine, na nahodha wake anakaa benchi kuwatazama wengine wakicheza.

Nahodha mwenyewe alikuwa dada. Mwaka wake wa mwisho chuoni. Fainali ilikuwa Jumamosi.

Ningependa kukwambia kwamba dada alikuwa anapigania kucheza kwenye uwanja wa maana, lakini mimi si mwongo wa kiwango hicho. Chuo kiko kilimani, njia ya kuelekea Manga, na uwanja wa kandanda umelala kwenye mteremko kama shuka iliyoanikwa juu ya ua. Kipa wa goli la chini anaishi kwa maombi. Mpira ukimpita unashuka hadi kwenye majani chai, na timu ngeni ikituma mtu kuufuata anarudi na mpira na mama mwenye shamba nyuma yake, wote wawili wakikimbia. Jimu ilikuwa ghala la mbegu, na vyuma vyake ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, kwa hiyo ukinyanyua unasoma maagizo ya kupaka ukuta. Ringi ya mpira wa kikapu ina kiota, na tangu vifaranga waanguliwe hakuna aliyeruhusiwa kufunga. Kiwanja cha netiboli angalau ni tambarare, ila ni cha murramu, ule udongo mwekundu wa kokoto. Ukianguka, unaacha ngozi yako pale na kurudi na ya uwanja.

Lakini usiyaseme haya mbele ya dada. Alipojiunga na timu mwaka wa kwanza akiwa na suruali ndefu na kitambaa kichwani, walimweka akiba ya akiba. Kazi yake ilikuwa kushika chupa za maji. Mmoja alimwuliza kama atacheza au atasali. Dada alikwenda kufanya mazoezi kila alfajiri mpaka magoti yake yakafanana na ramani. Sasa yule aliyeuliza huwa anapigiwa kelele na dada, "Shuka ulinde! Unasali?"

Turudi kwenye mauaji.

Sisi tunakaa mjini Kisii, nyuma ya duka la vitambaa la baba. Kuna baba na mama ambao mchana wako dukani, dada ambaye siku za masomo yuko hosteli, mimi wa kidato cha tatu, na nyanya. Nyanya alizaliwa hapa hapa, baba yake fundi viatu aliyekuja kutoka pwani, mama yake Mkisii wa Nyaramba, na amerithi ukali wa pande zote mbili bila kupunguziwa. Siku Jogoo alipoletwa nyumbani kwa vigelegele, nyanya alimtazama mara moja tu.

"Huyo halali sebuleni kwangu. Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu."

"Nyanya, si sanamu," dada akasema. "Ni kombe."

"Kombe lina macho?"

Hapo mjadala ulikwisha. Chumbani kwetu nako haikuwezekana, kwa sababu nyanya analala na kusali humo. Jogoo akapangiwa ukumbi mwembamba ulioko kati ya jikoni na stoo, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, uso ukiwa ukutani kama mwanafunzi aliyepiga kelele darasani. Na ukumbi huo, kwa bahati mbaya, ndio uwanja wangu wa nyumbani. Ua wetu umejaa marobota ya baba. Mtu wa kipaji changu achezee wapi?

Basi tulikuwa tumefunga shule kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Nikapiga mkwaju mmoja wa haja. Kusema haki, mpira haukumvunja Jogoo, ulimsukuma tu. Saruji ndiyo iliyomvunja. Lakini saruji haina mzazi wa kuitwa shuleni.

Kichwa kilibingirika taratibu, kikavuka kizingiti cha jikoni, kikasimama kwenye kidole gumba cha mguu wa nyanya. Alikuwa anachambua mchele. Akakitazama. Akanitazama. Akainua mikono.

"Alhamdulillahi."

"Nyanya!"

"Sasa ni halali. Kisicho na kichwa si sanamu, ni jiwe. Mlete sebuleni akae vizuri, maskini. Mwaka mzima amekaa kwenye baridi."

Nilijaribu kucheka, maana mimi hucheka hata nikiitwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, lakini kicheko kilitoka kama kikohozi. Nikamweleza nyanya habari za ufunguo, benchi na Jumamosi. Kumbe mambo hayo hakuwahi kuyasikia, yeye alidhani mtu hurudisha kombe kama anavyorudisha sufuria ya jirani. Akaacha mchele.

"Ina maana huyu dada yako hatacheza?"

"Hatacheza. Na huu ni mwaka wake wa mwisho."

Akakiokota kile kichwa kidoleni pake, akakiweka juu ya mchele.

"Yale magoti nimeyapaka dawa mimi kwa mkono wangu," akasema. "Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sasa mbona umesimama hapo? Aliyemchonga hana kwao?"

Chini ya miguu ya Jogoo kulikuwa na alama ya mchongaji, mistari miwili na nukta. Jirani yetu anayeuza vinyago akaitambua kwa jicho moja: ni fundi wa Tabaka, mwenye banda karibu na machimbo. Ijumaa asubuhi nilimfunga Jogoo kwenye fulana zangu za michezo, nikamtia kwenye mkoba wa shule, kichwa nikakiweka kwenye mfuko wa pembeni panapokaa chupa. Nilimuaga mama kwamba naenda kwa mwenzangu kusoma Bayolojia. Ndege si Bayolojia?

Fundi nilimkuta chini ya mabati, redio ikiimba, yeye mwenyewe mweupe kutoka nyusi hadi viatu kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Nikafungua mkoba. Hakushtuka. Alikichukua kichwa, akakipuliza vumbi, akatabasamu.

"Karibu tena."

"Mimi sijawahi kuja hapa."

"Nani amekusalimia wewe? Nasalimia jogoo."

Akamgeuza Jogoo kwenye mwanga, akawa ananionyesha kwa ncha ya kisu. Hapa shingoni, unaona huu mstari? Si wa jiwe, ni gundi. Hii itakuwa mara ya nne kuibandika. Mdomo huu si wake, wa kwanza ulipotea kwenye hosteli fulani. Upanga wa kichwani ulianguka ukaliwa na ng'ombe, au hivyo ndivyo alivyoambiwa. Mguu wa kushoto alimbadilishia mzima.

"Kila nahodha anakuja na uso kama huo wako," akasema. "Kila mmoja anadhani ni yeye wa kwanza."

"Na mkia?"

"Mkia ni wa mwaka huu huu."

Mwaka huu huu Jogoo alikuwa kwetu. Masikio yangu yakasimama kama ya sungura.

"Aliuleta nani?"

"Yaya," akakataa kwa Kikisii, akitikisa kichwa. "Mimi ni kama daktari. Wagonjwa wangu siwataji." Akaparaza msasa kidogo. "Ila alikuwa msichana mrefu, kitambaa kichwani, anachekea puani. Kama unavyocheka sasa."

Sikuweza kujizuia. Dada! Dada ambaye mwaka mzima alikuwa akinikaripia, "Ukimgusa Jogoo nitakukata vidole!" Dada ambaye alinifanya niape! Nilihisi utajiri ambao sijawahi kuuhisi maishani. Kisha nikakumbuka ufunguo wa stoo, na utajiri ukaisha.

"Fundi, usimbandike. Nichongee mpya. Mzima kabisa, asiye na ufa hata mmoja."

Fundi alichukua bakuli lililokamilika, akaligonga kwa kisu. *Ting!* Likalia kama kengele ya kanisa dogo. Kisha akamgonga Jogoo kifuani. *Ko.* Kama mtu anayebisha mlango wa jirani mwenye deni la sukari.

"Huyo mkuu wenu wa michezo anajua jogoo mzima analiaje?"

"Humsikiliza kila mwaka."

"Husikiliza gundi. Hajawahi kumsikia jogoo mzima. Mpelekee anayelia *ting* uone. Atasema huyu si yule, mmebadilisha, na dada yako atakaa benchi kwa kosa la kuwa na jogoo mzima."

Nikamsogezea Jogoo karibu.

Akachanganya gundi ya mirija miwili na vumbi la jiwe, akabandika shingo, akaifunga kwa mpira wa tairi. Malipo yangu yalikuwa kazi. Nilikalishwa na akina mama wanaosugua vinyago kwenye mabeseni ya maji, nikapewa msasa na kundi la twiga. Twiga, fikiria. Shingo ndefu kabisa, zote nzima, zikinitazama.

"Binti wa mjini, unasugua au unabembeleza?" mama mmoja akaniuliza.

"Mwache," mwingine akasema. "Anaogopa kucha zitajua kwamba kuna kazi duniani."

"Kucha zangu ziko likizo fupi," nikawajibu.

Walicheka, wakaniongezea twiga.

Alasiri fundi aliniita. Shingo ilikuwa imenyooka, na vumbi limeficha ufa usiuone hata ukitafuta. "Lakini haijakauka," akaonya. "Mpaka kesho asubuhi asishikwe shingo wala asitikiswe. Akitikiswa, kichwa kitalala begani kama cha mlevi."

Nilirudi mjini nimempakata mkononi kama mtoto mgonjwa. Shida ni kwamba dada alikuwa anatoka hosteli jioni hiyo hiyo kuja kumchukua, na dada akichukua kitu hukishika shingo. Hata mimi hunishika shingo.

Nyanya alinipokea mlangoni, akasikiliza, akaingia chumbani, akatoka na leso. Si leso ya kudekia, ile ya sanduku, ya arusi. Akamzungushia Jogoo toka mkiani hadi mdomoni, akakaza vizuri, yakabaki macho tu. Maandishi ya leso yalipita kifuani mwake: Nisitiri Nikusitiri. Dada akaingia na begi lake la michezo, akasimama ghafla.

"Kwa nini amevaa leso?"

"Kuna baridi," nyanya akasema.

"Nyanya, ni jiwe."

"Na wewe ni msomi, lakini kila siku nakuambia vaa sweta. Asifunguliwe mpaka uwanjani. Mwaka mzima amekaa kwangu, sitaki aonekane alikuwa kwa watu wasiojua kumvika mgeni."

Nilitegemea dada abishe. Dada hubisha hata na saa ya ukutani. Lakini alimtazama Jogoo alivyofunikwa nyuma na mbele, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sawa. Hata mimi naona ni vizuri." Hapo nikajua kwamba yule fundi alikuwa anasema kweli tupu.

Jumamosi tulimbeba pamoja kupanda kilima. Ilikuwa vita ya adabu.

"Wacha nishike nyuma," dada akasema haraka, mikono ikifunika mkia.

"Sawa, mimi nitashika mbele," nikasema, nikiizuia shingo kwa kidevu changu.

Tukaenda hivyo, kama wabebaji wa jeneza wanaoogopana.

Uwanjani kulikuwa kumechemka. Watu wa Kilimo, wapinzani wetu, walikuwa wanazunguka kiwanja mbio na matawi ya mikaratusi mikononi, ngoma mbele, wakiimba kwamba leo jogoo atachinjwa. Watu wa Ualimu, kitivo cha dada, walijibu kwa kupiga sufuria za hosteli, na baadhi zilikuwa bado na ugali. Mkuu wa michezo alikuwa amevaa suti ya michezo iliyopigwa pasi mpaka ina makali. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Dada akafungua leso mzunguko mmoja mmoja. Kichwa kilibaki mahali pake.

Ufunguo ukatoka mfukoni.

*Ko.*

Kwa mbali ng'ombe akajibu.

*Ko.*

Dada alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Mimi pia nilisoma kila dua ninayoijua, na kwa usalama nikaongeza na ile ya kulala.

*Ko.*

Mkuu wa michezo hakuondoa sikio. Alikunja uso. Akalisogeza sikio karibu zaidi, akaipapasa shingo kwa kidole kimoja, polepole, pale pale, na mimi nikaanza kujiuliza kama kuna shule ya sekondari nchi jirani inayopokea wageni. Kisha akanyanyuka, akaufuta ufunguo kwenye suti yake.

"Ameshiba mahindi," akatangaza. "Jogoo mzima!"

Kelele zilizopigwa zilimwamsha yule ndege wa kwenye ringi ya kikapu. Ila nitakwambia nilichokiona, maana nilikuwa karibu. Yule mzee alikuwa anamgonga Jogoo jinsi mtu anavyogonga yai asilotaka lipasuke.

Dada alicheza. Loo, alicheza. Aliruka kama aliyesahau kwamba kuna kushuka, akaanguka kwenye murramu mara nne, akainuka mara nne, na kila alipofunga bao niliwaambia watu wasionijua kwamba tumenyonya titi moja. Kilimo walitushinda kwa bao moja tu, la sekunde za mwisho, mpira ulizunguka ringi kama unaotafuta anwani, kisha ukaingia. Dada akapiga magoti chini. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia, vyote puani.

Kisha akasimama, akamchukua Jogoo, akamkabidhi nahodha wa Kilimo. Hiyo nayo ni desturi, nahodha anayetoka humkumbatia anayeingia. Lakini dada alimkumbatia kwa muda mrefu mno, mdomo sikioni. Nikamwona yule msichana anakunja uso. Akaitazama shingo. Akautazama mkia. Mdomo ukabaki wazi, halafu akaangua kicheko mpaka wenzake wakamshikia kombe.

Tulishuka kilima sisi wawili, dada akichechemea, leso ya nyanya begani kwangu.

"Ulimwambia nini yule?"

"Nilimpongeza."

"Pongezi ndefu."

"Nilimkumbusha mahindi."

"Aha." Nikatembea hatua kadhaa. "Ulimwambia banda liko kabla ya machimbo, au ulimwacha apotee?"

Dada alisimama katikati ya njia. Boda boda ikatupigia honi, hakuisikia. Alinitazama toka viatuni hadi kwenye kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na vumbi jeupe, na nikaona akipiga hesabu zote kwa wakati mmoja: leso, kidevu changu, baridi ya nyanya.

"Wapi?" akauliza.

"Shingo."

"Kubwa jinga! Shingo! Shingo inayogongwa!"

"Na mkia?"

Akaanza kutembea tena. "Niliukalia," akasema hatimaye, na puani kukatoka ule mlio. "Nilikuwa navaa viatu. Aliyeniachia Jogoo aliniambia njia ya Tabaka siku ile ile aliponikumbatia. Nilidhani ananitania."

"Nyanya alijua?"

"Alinikuta nimeushika mkononi. Unajua aliniambia nini? 'Mkia peke yake hautoshi, mwanangu. Bado ana kichwa.'"

Tulicheka mpaka dada akalazimika kukaa ukingoni mwa njia ashike goti. Nikampaka mate kwenye mchubuko, akanipiga kofi, nikajua ameshapona.

Tulipofika nyumbani nyanya alikuwa ukumbini, amesimama mbele ya ile kreti. Hakuuliza matokeo kwanza. Alimtazama dada magoti, akaona murramu mpya, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umecheza."

"Nimecheza, nyanya. Wametushinda."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amekwenda kwa wengine. Kwao ni Nyamira."

Nyanya akaguna. Akainama, akaondoa kitu juu ya kreti na kukipeleka jikoni haraka, amekificha kwa upande wa buibui, lakini mimi nilikiona. Kilikuwa sahani ya mahindi.